Hisa Mia za Binti, Hisa Mia Tano za Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Mama Sare, na hata mumewe, aliyelijua jina lake halisi kuliko watu wote, alikuwa karibu kulisahau kwa kutolitumia. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mabati, cherehani mbili, meza ya kukatia iliyomfika kiunoni, na kamba iliyotoka ukuta hadi ukuta ikiwa imebeba mashati na sketi, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe kilichobanwa kwa pini. Alikuwa mtu mwenye raha zake. Wateja walilipa, ingawa wengine kwa mafungu. Mumewe, fundi bomba, alikuwa mpole, mcheshi, na hakuwa na tabia ya kuhoji mboga. Ungemuuliza habari za maisha angekujibu kwamba anamshukuru Mungu, na angekuwa anasema kweli, ila kwa jambo moja.

Jambo hilo lilikuwa wifi yake.

Baba yake Mama Sare alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi kwa miaka thelathini na minne. Wafanyakazi walipopewa nafasi ya kununua hisa za kiwanda, wenzake wengi walicheka. Yeye alikatwa kidogo kidogo kwenye mshahara mpaka akawa na fungu lake. Binti yake alipofungua duka, mzee alimletea bahasha. Ndani mlikuwa na cheti cha hisa mia moja, kwa jina la binti.

"Kiweke," alimwambia. "Usikiuze kwa njaa ya siku moja."

Binti alikiweka chini ya godoro, baadaye kwenye sanduku la chuma, na hakuuliza zaidi. Kumuuliza baba juu ya zawadi aliyokupa, kwake yeye, ilikuwa kama kuhesabu meno ya mtu anayekuchekea.

Miaka mitano ikapita. Mzee alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka dari, akavunjika nyonga, na hakuinuka tena sawasawa. Aliishi kwa mwanawe wa kiume, na aliyemgeuza kitandani, akamwosha na kumpimia dawa alikuwa mke wa huyo mwanawe, muuguzi wa zahanati, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye nguvu. Mwaka wa pili mzee akafariki. Siku chache baada ya maziko, baba mdogo aliwakusanya, akavaa miwani, akasoma karatasi aliyoiacha marehemu. Haikuwa ndefu.

"Binti yangu nilishampa zake. Mke wa mwanangu nimempa hisa mia tano. Nyumba ni ya mwanangu, na asiiuze."

Mama Sare alisikia hiyo "mia tano" ikamwingia kama sindano ya cherehani kwenye kidole. Nyumba hakuijali, kaka yake alikuwa na watoto wanne na pa kuwalaza hana. Kumhudumia mzee pia alikujua, na alikuwa wa kwanza kusema wifi anastahili shukrani. Lakini mara tano? Binti wa kumzaa mia, na mke wa mwana mia tano? Alisaidia kukusanya vikombe, akaenda kwake.

Tangu siku hiyo hawakugombana hata mara moja, na huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe. Wangegombana, watu wangewapatanisha. Walisalimiana vizuri, waliulizana habari za watoto, walikaa jamvi moja kwenye harusi na misiba. Ila kabla ya hapo Mama Sare alikuwa akiwashonea watoto wa kaka yake sare bure, na baada ya hapo alianza kutoza. Alitoza bei ya dukani, bila kupunguza hata senti, na mwisho alichana risiti akamkabidhi wifi yake kama anavyomkabidhi mteja wa njiani. Wifi alilipa, akaikunja risiti, akaitia mkobani, asiulize kulikoni. Mambo yakaenda hivyo kwa miaka kumi na moja.

Kile cheti cha hisa mia, Mama Sare hakukitazama tena. Pesa zake zilikuwa wapi, kampuni ilikuwa ikilipa au hailipi, hakutaka kujua.

Asubuhi moja redio ya dukani ilitangaza kwamba wanahisa wote wa kiwanda cha rangi wenye vyeti vya karatasi wavipeleke kwa msajili wa hisa kabla ya mwisho wa mwezi, viingizwe kwenye kompyuta. Mama Sare aliinua mkono akapunguza sauti. Mumewe alikuwa pale mlangoni akikaza koki ya pipa la maji.

"Mbona umezima habari?" akauliza.

"Sijazima, nimepunguza."

"Si ndiyo kile kiwanda cha marehemu?"

"Ndicho."

"Basi peleka cheti. Karatasi haizai ikikaa sandukuni."

"Hisa mia," alisema Mama Sare. "Zitakuwa nauli tu."

"Nauli nayo ni pesa," alisema mumewe, akaijaribu koki. "Na kuuliza si ujinga."

Alikaa na jambo hilo siku tatu. Ya nne alifunga duka saa nne, akavaa viatu vya kutokea, akaenda.

Ofisi ya msajili wa hisa ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Palikuwa na mabenchi mawili, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na dirisha la kioo lenye tundu la kusemea. Nyuma ya kioo alikaa karani wa makamo, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mama Sare aliliona lile shati kabla ya kumwona mtu, akajisemea moyoni kwamba mwenye kutunza nguo hivi na mafaili atayatunza.

Karani alikipokea cheti, akakigeuza pande zote mbili, akatazama tarehe.

"Hiki ni cha zamani, mama. Umewahi kupokea gawio lolote?"

"Sijawahi kupokea kitu."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

Karani aliguna taratibu, kama daktari aliyegusa palipouma. "Itabidi nitafute faili lako chini kwenye stoo. Utasubiri?"

"Nitasubiri. Lakini ningependa kujua kampuni imelipa nini na nini tangu mwaka huo. Nisije nikapewa tu nikasema ahsante."

Wengine wangechukia kusikia hivyo. Karani alionekana kufurahi. Aliinuka, akarudi na jalada nene la ripoti za mwaka, akalisukuma kupitia kidirisha cha chini.

"Magawio yote yamo humu, kila mwaka ukurasa wa nyuma. Soma mwenyewe."

Mama Sare alikaa kwenye benchi, akatoa mkobani kijitabu cha vipimo na penseli. Hesabu hazikumtisha. Mtu anayejua kutoa sketi arobaini za marinda kwenye jora moja bila kubakiza hata kitambaa cha leso hatishwi na jedwali. Akaandika mwaka, akaandika gawio la kila hisa. Mwaka wa kwanza, hamsini kwa hisa. Wa pili, hamsini. Akafunua ripoti ya tatu, akateremsha kidole, akasimama.

Kumi na moja.

Akarudia. Kumi na moja kwa hisa. Mwaka uliofuata kumi na mbili, uliofuata kumi na mbili tena, kisha kumi na nne. Hamsini haikurudi kamwe.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba kiwanda kilianguka. Lakini alimkumbuka baba yake mwaka ule: alikuwa amenunua baiskeli mpya na kupaka nyumba nje na ndani, anaimba. Mtunza stoo ndiye wa kwanza kujua kiwanda kikiumwa, maana ndiye anayeona rafu zikibaki tupu. Baba angejua. Akarudi kwenye jedwali akatazama jumla ya pesa iliyolipwa kwa wanahisa wote. Ilikuwa imepanda. Gawio la hisa moja limeanguka, na jumla imepanda. Hapo penseli ikatulia mkononi.

Karani alikuwa ndiyo kwanza anapanda kutoka stoo, vumbi begani.

"Samahani, baba," alimwita kupitia tundu. "Hapa pametokea nini? Hamsini, halafu kumi na moja, na pesa iliyotoka ni nyingi zaidi."

Karani aliinama akatazama. "Ah. Hapo hisa ziligawanywa. Soma taarifa ya mkutano mkuu wa mwaka huo, ukurasa wa nne."

Alisoma. Iliandikwa kwa lugha ya ofisini, lakini maana yake ilikuwa nyepesi: kuanzia tarehe fulani, kila hisa moja iliyopo itagawanywa kuwa hisa tano, na kila mwanahisa atatumiwa cheti cha nyongeza. Thamani ya fungu la mtu haibadiliki. Mwenye moja atakuwa na tano. Kila moja itabeba sehemu yake ya tano.

Mama Sare aliielewa kabla hajafika nukta ya mwisho. Jora ni lilelile. Ukilikata vipande vitano, vipande ni vitano na kitambaa hakijaongezeka hata uzi. Na gawio la kumi na moja mara tano ni hamsini na tano, kwa hiyo kiwanda hakikuanguka, kilipanda. Kwa hiyo yeye hana mia. Ana mia tano.

Ana mia tano.

Alirudisha macho kwenye tarehe. Cheti chake kilitolewa miaka miwili kabla ya mgawanyo. Wifi yake alianza kumhudumia mzee baada ya ile ajali ya ngazi, na ajali ilikuwa miaka mitatu baada ya mgawanyo. Alizihesabu kwa vidole, akaziandika, akazihesabu tena kama anayepima nguo ya bibi harusi. Hisa alizopewa yeye zilikuwa mia za zamani. Hisa alizopewa wifi zilikuwa mia tano za baadaye. Ni kitu kimoja. Baba yao alikuwa amechota kipimo kilekile mara mbili, kama alivyopima rangi stooni maisha yake yote, kopo kwa kopo, hakuna aliyezidishiwa wala aliyepunjwa.

"Binti yangu nilishampa zake." Ndivyo alivyoandika. Na mzee hakueleza zaidi kwa sababu hakuona cha kueleza.

"Mama," aliita karani. Alikuwa ameshika faili jembamba, na juu yake bahasha ya kaki ambayo haikuwa imefunguliwa. Usoni ilikuwa na muhuri mwekundu: IMERUDI. "Tulikutumia cheti cha nyongeza, hisa mia nne. Kilirudi. Na hundi za magawio nazo zilirudi, zote. Anwani iliyoandikwa ni ya jengo karibu na stendi ya zamani."

"Duka langu la kwanza," alisema Mama Sare. "Nilihama mwaka uliofuata. Jengo lilibomolewa, barabara ikapanuliwa."

"Basi aliyeandika anwani hakujua kwamba umehama, au alisahau kutuambia."

"Alisahau," alisema Mama Sare. "Alikuwa mtu wa kukumbuka vitu vya stoo tu."

Aliipokea ile bahasha, akakaa tena benchini akaishika magotini. Machozi yalimtoka, machache, ya kimyakimya, na hakuyaonea haya. Karani alijishughulisha na kupanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Alipoona mama ameshajifuta, alisukuma fomu tatu kupitia kidirisha, akamwonyesha pa kutia sahihi, akamwambia kwamba magawio ya nyuma yote yako salama na yatalipwa ndani ya wiki sita.

Hakurudi dukani. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake.

Wifi ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu. Alikuwa amekaa sebuleni, sare ya kazi bado mwilini, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Alipomwona mgeni alitaka kuinuka.

"Kaa, wifi, kaa," alisema Mama Sare. "Usimwage maji. Nimekuja na swali. Kile cheti cha hisa ulichopewa na mzee kiko karibu?"

Uso wa wifi ulijifunga kidogo. "Kiko kabatini. Unakitaka?"

"Nataka kuona tarehe tu."

Wifi alimwelekeza, Mama Sare akakitoa mwenyewe kwenye faili la plastiki. Tarehe ilikuwa palepale alipoitegemea. Akaweka vyeti vyote vitatu mezani: mia yake ya zamani, mia nne iliyolala kwenye bahasha, na mia tano ya wifi. Akaeleza, kwa utulivu, moja ilivyokuwa tano. Wifi alimsikiliza kama anavyomsikiliza mgonjwa, bila kumkatiza.

"Kwa hiyo tunalingana," alisema wifi mwishoni.

"Tunalingana. Tulilingana tangu siku ya kwanza." Mama Sare alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Na miaka kumi na moja nimekuwekea kinyongo kwa ajili ya hizi hisa. Nilidhani baba alikupenda mara tano kuliko mimi. Sikuwa na ujasiri wa kukwambia, nikawa nakutoza pesa za sare."

"Hisa?" aliuliza wifi.

"Hisa."

"Ilikuwa hisa?"

"Wewe ulidhani nini?"

Wifi alitazama miguu yake ndani ya maji. Kisha akasema polepole, "Mimi nilidhani ni ile jioni."

"Jioni gani?"

"Jioni ya mwisho ya mzee. Ulitaka kubaki. Mimi ndiye niliyekwambia nenda nyumbani ukalale, leo hajambo, kesho utamkuta. Alfajiri akaondoka." Aliufuta mkono wake mkavu kwenye gauni. "Mimi ni muuguzi. Nilipaswa kuona. Nikakunyima kumuaga baba yako. Kila ulipochana ile risiti nilikuwa nasema moyoni, ana haki, acha anitoze."

Katika miaka yote hiyo, ile jioni Mama Sare hakuwahi kuitia kwenye hesabu. Alikuwa hajalala siku tatu. Alipofika kwake alianguka kitandani na viatu vyake, na kulipokucha alipata nguvu za kusimama mazikoni kwa sababu ya usingizi ule.

"Wifi," alisema, "jioni ile ulinisaidia. Nilishamuaga baba. Nilimnyoa ndevu mchana wake, akanitania kwamba ninamkata kama kola. Ungeniacha nibaki, kesho yake mngekuwa na msiba na mgonjwa juu yake. Sijawahi kukulaumu. Hata siku moja."

Wifi aliinamisha kichwa, na mabega yake, ambayo yalikuwa yamewainua wazee wengi kutoka vitandani, yakashuka kama ya mtu aliyetua ndoo. Mama Sare alivuta kiti, akamshika mkono. Walikaa hivyo mpaka maji kwenye beseni yakapoa.

"Kwa hiyo," alisema wifi baadaye, akijifuta uso kwa kanga, "wewe ulinikasirikia kwa kosa ambalo sikulifanya, na mimi nikakuogopa kwa kosa ambalo hukuliona."

"Ndiyo hivyo."

"Basi tumetoka sare."

Mama Sare alicheka mpaka akashika ubavu. Si kwamba mzaha ulikuwa mkubwa. Jina hilo alikuwa ameshataniwa nalo na kila mtu mtaani isipokuwa huyu.

"Nitakurudishia pesa za nguo za watoto," alisema alipopata pumzi. "Zote. Sijui tu tutajuaje ni ngapi."

"Risiti ninazo."

"Unazo?"

"Ishirini na saba. Ziko kwenye faili, kwa tarehe."

Kaka yake aliporudi kutoka kazini aliwakuta wamekaa bega kwa bega, macho mekundu, karatasi zimetapakaa meza nzima. Alisimama mlangoni na mfuko wa vitunguu mkononi.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Hakuna," alisema mkewe. "Ingia. Umepoteza miaka kumi na moja ya sare za bure, na hukujua."

Pesa za magawio zililipwa wiki ya tano, kabla ya muda aliosema karani. Hazikuwa za kujengea ghorofa, lakini zilitosha cherehani ya kufungia pindo na kuwalipia mafundi wawili mwezi wa msimu wa shule. Fungu la pesa za risiti ishirini na saba Mama Sare alilipeleka kwa wifi akiwa amelifunga kwenye leso. Wifi alilikataa, wakavutana, na mwisho likaenda kwenye ada ya mtoto wa mwisho, jambo ambalo wote wawili walilihesabu kuwa ni ushindi.

Mkutano mkuu wa wanahisa ulipofika, walikwenda pamoja. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuhudhuria. Ulikuwa ukumbi mkubwa wenye viti vya plastiki, na kila mwanahisa alipewa karatasi ya kijani ya kupigia kura. Walikaa safu ya tatu. Mwenyekiti wa bodi alipanda jukwaani, akaanza kusoma hali ya kampuni: mauzo, kodi, mipango ya mwaka ujao.

Mama Sare aliinamisha kichwa kwa wifi yake. "Koti lile mkono wa kushoto umeshonwa kinyume. Angalia linavyomvuta."

"Na goti la kulia linamsumbua," alinong'ona wifi. "Tazama anavyoegemea meza. Asipolishughulikia, mwaka kesho atakuja na fimbo."

"Tumwambie?"

"Kwanza asome gawio."

Mwenyekiti alifika kwenye gawio. Bodi ilipendekeza kumi na tisa kwa kila hisa, akaomba wanaokubali wanyooshe karatasi za kijani. Mama Sare alinyoosha yake, wifi akanyoosha yake, na mwenye kuhesabu akapita kati ya safu akiwahesabu kwa kidole, mmoja, wawili, akaendelea nyuma.